Mnunuzi Akitaka Mwenyewe, Je, Mwuzaji Hana Hatia?

Watu wengi husema: «Mwenye kuuza hana neno, mwenye kununua ametaka mwenyewe.» Usemi huu wasikiwa katika kila soko, nao waonekana kuwa wa haki. Basi, tuupime kwa mambo yaliyotukia huko Marekani.

Kwanza tufahamu kitu chenyewe. Mentoli hutoka katika majani ya mnanaa. Mtu akiionja husikia baridi kinywani. Mwaka 1925 Lloyd Hughes, mtu wa jimbo la Ohio, alipata hati ya serikali kwa njia yake ya kutia mentoli katika sigara. Kwa asili yake moshi wa tumbako huwasha koo, na mwenye kuuvuta mara ya kwanza hukohoa. Maumivu hayo ni kama mlinzi mlangoni: humwamsha mwenye nyumba. Mentoli humlaza mlinzi, lakini sumu yaingia vilevile.

Sasa tuitazame sigara moja ya mentoli, iliyoitwa Uptown. Kampuni ya R.J. Reynolds iliitengeneza kwa ajili ya Wamarekani weusi, ikakusudia kuijaribu katika mji wa Philadelphia mwezi wa Februari 1990. Pakiti yake ilikuwa nyeusi yenye dhahabu. Tena wauzaji walikuwa wamechunguza, wakaona kwamba wavutaji wengi weusi hufungua pakiti kwa upande wa chini. Kwa hiyo sigara zilipangwa kichwa chini. Tazameni bidii hiyo! Waliujua mkono wa mnunuzi. Je, waliyafikiri na mapafu yake?

Wenyeji wa Philadelphia, pamoja na viongozi wa makanisa, walikataa. Tarehe 18 Januari 1990 waziri wa afya, Louis Sullivan, daktari na mtu mweusi yeye mwenyewe, aliikemea kampuni hadharani. Siku iliyofuata kampuni iliiacha Uptown, isiuzwe kamwe.

Labda mtu atasema: «Onyo lilikuwa limeandikwa katika kila pakiti, na mtu mzima ana hiari yake.» Neno lake lina uzito. Mtu mzima si mtoto, wala si vema kumchagulia kila kitu. Lakini hiari yahitaji ukweli. Karatasi yasema, «Hatari». Koo lasema, «Salama». Mtu ataamini lipi? Tena nikotini humfunga, hata akitaka kuacha aone shida kubwa. Auzaye kitu kifungacho hiari hawezi kujitetea kwa hiari ile ile.

Tufanye mfano. Ninyi mnajua kwamba muhogo mchungu usiolowekwa vema una sumu, na uchungu wake humwonya mlaji. Mtu akiuficha uchungu ule kwa kitu kitamu, kisha akauza unga wake, nani atasema kwamba hana hatia? Mnunuzi alitoa feza kwa mkono wake mwenyewe, ni kweli. Lakini alinunua chakula, hakununua ugonjwa.

Basi kila mwenye kuuza ajiulize: «Mnunuzi angejua yote niyajuayo mimi, je, angenunua?» Na mwenye kununua asiuamini utamu mbele ya kuuliza.

Maswali:
1. Kwa nini kukohoa kwa mvutaji kwafananishwa na mlinzi?
2. Onyo lililoandikwa, je, latosha kumwondolea mwuzaji hatia? Toa sababu.