Roho Kurudi Duniani: Khitilafu za Mayahudi na Funzo Lake Kwetu

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mwadilifu asiyemdhulumu mja wake. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Imeulizwa katika darasa yetu: Je, Mayahudi huitakidi kuwa roho ya maiti hurudi duniani katika mwili mwingine, jambo ambalo wanavyuoni wetu waliita tanasukhi? Jawabu ni kwamba wako waitakidio na wako wakanushao. Mwenyezi Mungu ametufundisha katika Sura ya Aali Imran, aya ya 113, kuwa Watu wa Kitabu hawako sawa wote. Basi si uadilifu kuwapika chungu kimoja.

Katika wakanushao, wa kutajwa mwanzo ni Saadia bin Yusuf al-Fayyumi (882–942), mzaliwa wa Misri aliyekuwa mkuu wa chuo cha Sura huko Iraki, zama za Bani Abbasi. Katika kitabu chake cha itikadi, alichokitunga kwa Kiarabu yapata mwaka 933, aliwakabili Mayahudi waliodai kuwa mtoto mchanga hupata maumivu kwa madhambi ya maisha yaliyopita. Aliwauliza: roho hiyo, ilipoumbwa mara ya kwanza kabisa, ilikalifishwa kumtii Mola wake au haikukalifishwa? Ikiwa haikukalifishwa, haina la kulipwa wala la kuadhibiwa. Ikiwa ilikalifishwa, basi ilibebeshwa mzigo kabla haijatenda lolote; na akubalie hilo amekwisha kubali kuwa si kila zito limfikalo mja ni malipo ya yaliyotangulia. Ama mtoto huyo, alisema Saadia, Mungu atamfidia taabu yake. Naye Musa bin Maimun (1138–1204) alipopanga misingi 13 ya dini yao, wa mwisho aliufanya kuwa kufufuliwa wafu. Tanasukhi hakuitia humo.

Itikadi hiyo iliingia kwa mlango wa elimu yao ya siri, iitwayo Kabala. Yaonekana katika kitabu cha Bahir, kilichotokea kusini ya Ufaransa mwishoni mwa karne ya 12, kisha katika Zohar, kilichotokea Hispania mwishoni mwa karne ya 13. Katika karne ya 16, mjini Safed, Palestina, Isaac Luria (1534–1572) na mwanafunzi wake Hayyim Vital (1542–1620) waliieleza kwa urefu chini ya jina la gilgul, yaani mzunguko, na kutoka hapo ikaenea mbali. Hata hivyo Leon Modena (1571–1648), rabi wa Venice, aliandika kuipinga.

Insafu yataka tuseme kuwa nia ya hao watu wa Kabala ilikuwa kuitetea haki ya Mungu, na kuipa nafasi ya pili roho iliyopungukiwa. Taurati imemwamrisha ndugu wa marehemu asiyeacha mtoto amwoe mjane wake. Wao wakasema mtoto atakayezaliwa ni roho ya marehemu iliyorudi.

Lakini tazama mwisho wa njia hiyo. Mwaka 2000, Ovadia Yosef (1920–2013), aliyepata kuwa rabi mkuu nchini Israeli, alisema katika hotuba kuwa Mayahudi waliouawa na Manazi ni roho za wenye dhambi wa zamani zilizorudi. Mayahudi wengi walighadhibika, na walikuwa na haki. Aliyedhulumiwa alifanywa mkosa, na watoto waliouawa wakatafutiwa dhambi wasizozijua mtu yeyote.

Sisi tumefundishwa katika Sura ya Al-Muuminun, aya ya 99 na ya 100, kuwa afikwaye na mauti huomba arudishwe wala harudishwi, na mbele yake ipo barzakh mpaka siku ya kufufuliwa. Na katika Sura ya Al-An'am, aya ya 164, kuwa hakuna nafsi ibebayo mzigo wa nyingine. Mtu atatubiaje kosa asilolikumbuka? Atakayetuuliza, basi kwa nini mtoto huteseka, tutamjibu kuwa hikima yake yote hatukufunuliwa. Tulilofunuliwa ni kuwa mtoto hana dhambi, na kuwa sisi tutaulizwa tulimfanyia nini.

Na hapo ndipo tujihisabu wenyewe. Vitabuni twaikanusha tanasukhi, na barazani azaliwapo mtoto kipofu au kiwete husikika mtu akinong'ona, "Hayo ni malipo ya babake." Maneno hayo ni ndugu wa yale tuliyoyakanusha, kwani yote mawili humtwika asiye na kosa. Kisha mtoto hufichwa ndani, hapelekwi chuoni, na mama yake huona haya mbele za watu kwa jambo asilolitenda.

Abdullahi bin Ummi Maktum alikuwa kipofu. Sura ya Abasa iliteremka kwa ajili yake, naye akawa mwadhini wa Mtume na naibu wake mjini Madina. Haikuulizwa upofu wake ni malipo ya nani; alipewa elimu na kazi. Basi tuwatoe watoto wetu waliofichwa, tuwafunze, na tuzizuie ndimi zetu.

Wabillahi taufiki.