Mkono wa Chumvi Kwenye Samaki wa Kupaka

Wanangu na wajukuu zangu, nawaona mnavyopika samaki wa kupaka, na mkono wenu wa chumvi unanitia hofu. Samaki anasuguliwa chumvi kabla hajafika makaani. Tui likichemka, inaongezwa nyingine. Kisha kinavunjwa kidonge cha mchuzi, na mezani kichupa cha chumvi kinazunguka kabla mtu hajaonja hata tonge la kwanza.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani iwe pungufu kidogo ya kijiko kimoja cha chai. Hebu pigeni hesabu. Sufuria ya watu wanne ikiingia vijiko viwili, kila mmoja amekula nusu kijiko kwenye kitoweo peke yake. Bado wali wa nazi nao una chumvi, mkate wa asubuhi unayo, na achari ndiyo usiseme. Kile kidonge nacho, geuzeni karatasi yake msome: mara nyingi kitu cha kwanza kilichoandikwa ni chumvi.

Wala msiniambie kwamba hamuumwi popote. Presha inayoletwa na chumvi nyingi haipigi hodi. Mtu hukaa nayo miaka, anacheka na kwenda kazini, huku mishipa na figo zinaharibika, mpaka siku kiharusi kinapomlaza. Nanyi vijana msidhani ni maradhi ya sisi wazee tu.

Tui ndilo linalowadanganya. Lina mafuta na utamu, na ndani yake ulimi huchelewa kuisikia chumvi, basi mpishi anaongeza, na anaongeza tena. Ladha itafuteni kwingine: kwenye moshi, kwenye ukali, kwenye uchachu. Chukueni changu au kolekole mbichi, mchanjeni pande zote mbili, msugueni thomu, tangawizi, pilipili mbichi na ndimu, bila chumvi hata chembe. Akae nusu saa, kisha achomwe kwa makaa mpaka ngozi ishike rangi. Hapo ndipo kazi kubwa imefanyika, maana samaki aliyechomwa vizuri tayari ana ladha yake.

Rojo lianze na tui jepesi, kitunguu, bizari ya manjano na ukwaju uliokamuliwa. Msimu wa maembe, embe bichi linatosha. Lichemke lipungue. Tui zito liingie mwisho, moto uwe mdogo, na mwiko usisimame, maana mkiliacha litakatika. Chumvi nayo ingojee mpaka rojo limeshakuwa zito: robo kijiko kwa watu wanne, si zaidi. Mkiitia mapema, maji yanapungua yenyewe inabaki, na mnajikuta na chumvi kali msiyoikusudia. Pakeni samaki, mrudisheni makaani, pakeni tena.

Ng'onda ni habari nyingine. Huyo amehifadhiwa kwa chumvi. Alowekwe usiku kucha, maji yabadilishwe, na mchuzi wake usiongezwe chumvi kabisa.

Siku za mwanzo mtaniambia chakula ni chapwa. Vumilieni wiki chache tu, ulimi utazoea, na mkija kula kile cha zamani mtakiona kikali.

Chumvi hiyo kidogo mnayobakiza iwe yenye madini joto. Lakini ile mbadala iliyochanganywa na potasiamu msimpe mgonjwa wa figo, wala anayekunywa dawa za presha au za moyo, kabla ya kumuuliza daktari wake, kwani potasiamu ikizidi mwilini inaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Na mwenye vidonge vya presha asiviache kwa sababu eti sasa anakula chumvi kidogo. Kile kichupa nacho kiondoeni mezani leo hii; mgeni akikiulizia, msogezeeni ndimu na pilipili kwanza.