Mwenye Kupigana Usingizini

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.). Ama baad.

Ndugu mmoja wa mwambao aliyehamia Noonkopir, huko Kitengela, na umri wake umekwisha pita miaka 50, ametuletea mas'ala yaliyotutia huzuni. Yapata mwaka sasa huota amevamiwa na simba, naye hupambana kweli kweli: hupiga ngumi, hupiga mateke, huanguka kitandani akaumia. Usiku mmoja alimpiga mkewe hata jicho likavimba. Majirani wasema ni mume dhalimu. Jamaa zake wa huku pwani wasema ana pepo, nao wamemvisha hirizi mbili kwa fedha nyingi. Auliza: je, ana dhambi? Na mkewe aliyehama kitanda, je, ameasi?

Kuota simba huko si ajabu. Kitengela yapakana na mbuga ya Nairobi, na mwezi wa Juni 2012 wenyeji waliwaua simba 6 walioingia kwenye mifugo yao. Sisi twaota bahari, wao huota simba. Hirizi hizo na azivue. Fedha yake imekwisha liwa.

Ama ndoto mbaya, Mtume (S.A.W.) ametufundisha la kufanya: mtu ajilinde kwa Mwenyezi Mungu, ateme mate mepesi kushotoni mara tatu, ageuke ubavu wa pili, wala asimhadithie mtu. Twamsihi ndugu yetu ashike hayo, na alale na udhu. Lakini asidhani kuwa kumweleza tabibu ni kule kuhadithia kulikokatazwa. Yeye haelezi ndoto, aeleza ugonjwa.

Na ugonjwa ni ugonjwa. Mwenyezi Mungu amejaalia kwamba mtu aotapo, viungo vyake hulegea visiweze kufuata ndoto. Macho huchezacheza na pumzi hupita, basi. Kwa baadhi ya watu kizuizi hicho huharibika. Matabibu wa Marekani, Carlos Schenck na Mark Mahowald pamoja na wenzao, waliueleza ugonjwa huu mwaka 1986, na wengi wanaopatwa nao ni wanaume waliopita miaka 50. Pengine hutangulia kwa miaka mingi maradhi ya kutetemeka yaitwayo Parkinson; pengine huletwa na baadhi ya dawa za kutibu huzuni, nazo asiziache ila kwa amri ya tabibu. Basi aende kwa tabibu wa ubongo na mishipa ya fahamu, wala asione haya. Dawa za kuutuliza zipo, na kujitibu tumeamrishwa.

Dhambi hana, kwani kalamu imeinuliwa kwa aliyelala mpaka aamke. Hata hivyo, wanazuoni wetu wamesema kuwa mwenye kulala akimgeukia mtu akamwua, diya yalazimu. Kumbe kuondokewa na dhambi si kuondokewa na haki ya mwenzio. Na Mtume (S.A.W.) amekataza kulala juu ya dari isiyo na ukingo, aliyelala hali ajua khatari iliyopo hana udhuru wa kutojilinda. Kwa hiyo godoro lishushwe chini, vioo na meza viondolewe, kisu kisilazwe chumbani, na madirisha ya ghorofani yafungwe. (Wala asije mtu akampiga mkewe hali yu macho, kisha akayashika maneno yetu haya kuwa ngao.)

Ama mke, hakuasi. Imamu Nawawi, alipoisherehesha hadithi ya matandiko katika Sahihi ya Muslim, alisema hapana ubaya mume na mke kuwa na matandiko mawili, kwa kuwa kila mmoja huenda akayahitaji wakati wa maradhi na mfano wake. Na maradhi ndiyo haya. Alale kando mpaka mumewe apate nafuu, na mume mwenyewe ndiye awaeleze majirani khabari ya lile jicho, asimwachie mkewe mzigo huo.

Wallahu aalam.