VIPANDE VISIPOTEE

Bwana wetu Yesu Kristo alipokwisha kuwashibisha watu elfu tano, aliwaagiza wanafunzi wake wakusanye vipande vilivyosalia. Yeye aliyeweza kuzidisha mikate hakukubali makombo yapotee.

Agizo hilo lazihusu nyumba zetu. Wazazi wetu waligeuza kopo kuwa koroboi, na tairi kuukuu kuwa katambuga. Leo twatupa chupa za plastiki zisizooza, au twazichoma uani, na moshi wake wenye sumu waingia vifuani mwa watoto wetu.

Kwa nini nyumba moja hutenganisha takataka, na jirani yake huchoma zote pamoja? Sababu ya kwanza ni bei: mnunuzi wa vyuma chakavu na makopo akipita, watu hukusanya, asipopita, huacha. Ya pili ni sheria: tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku Tanzania. Lakini askari hawezi kusimama katika kila jiko. Ya tatu, iliyo kubwa, ni mfano wa wazazi na maoni ya majirani.

Kule Lusu, wilayani Nzega, mgodi wa Golden Pride ulianza kutoa dhahabu mwaka 1998, ukafungwa baada ya miaka ipatayo 15. Mawe mengi mno yalisagwa ili zipatikane gramu chache, wala hakuna aliyeona haya. Mbona basi twaona haya kuinama na kuokota chupa uani petu? Twamcheka mwokota makopo, kumbe yeye afanya kazi tuliyoikimbia sisi!

Marehemu Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alitaja kutenganisha takataka miongoni mwa matendo madogo ya kila siku yanayoonyesha upendo. Basi, kila nyumba iweke vyombo viwili: kimoja cha maganda, yawe mbolea ya shamba; kingine cha chupa na makopo, apewe mwokotaji kwa heshima, hata kama sisi hatupati senti. Baba akianza, watoto watafuata bila kuhubiriwa.

Mwenyezi Mungu atujalie moyo wa kutodharau kilicho kidogo, wala aliye mdogo.