Deni la Mwenye Sifa

Je, mwenye sifa ana deni kwa wenziwe wadogo? Tutazame besiboli, mchezo wa kupiga mpira kwa gongo, huko Korea ya Kusini. Mwaka 1984 Choi Dong-won, mrushaji wa timu ya Lotte, alishinda michezo minne katika fainali moja. Mwaka 1988 alijaribu kuanzisha chama cha kuwatetea wachezaji. Mwaka ule ule Lotte ikamtoa kwa timu ya Samsung, ikapokea wachezaji wengine. Chama kilisimama mwaka 2000. Yeye akafariki mwaka 2011.

Basi alipata hasara? Ndiyo. Lakini tufikiri: mdogo akidai haki peke yake, hunyamazishwa upesi, mkubwa akidai, wote husikia. Kwa hiyo twasema, deni ni la mkubwa.