Uzito wa Kujikaza

Mtoto wa Kenya husikia neno "jikaze" kabla hajajua kusoma. Ameanguka akachubuka goti: jikaze. Anadungwa sindano kliniki: jikaze. Akifika shuleni, mwalimu wa insha anampa toleo la kuandikia, "jikaze kisabuni", naye anaanza kulipachika kila mahali bila kujiuliza sabuni imeingiaje hapo. Mimi nilijiuliza nikiwa mtu mzima. Sabuni ya mche ni ngumu kweli. Lakini kila siku inayotumika inapungua, na ugumu wake hauizuii kuisha.

Swali langu ni hili: mtu aliye mikononi mwetu, awe mtoto, mdogo wetu au mwanafunzi, tunapaswa kumkaza kiasi gani? Nimelifikiria sana mwaka huu kwa sababu ya kitu ambacho huenda ukakiona cha kitoto. Mimi na mpwa wangu tunajenga ndege ndogo ya rimoti hapa Eldoret. Yeye yuko Gredi ya 9. Januari anaenda shule ya bweni, na nyumbani kila mtu yuko kwenye shughuli ya kumwandaa. Neno wanalotumia kumwandaa unalijua tayari.

Ndege ya mtu anayeanza si kitu cha ajabu. Unanunua ubao wa foamu, ule wenye karatasi pande mbili ambao stesheneri huuzia wanafunzi wa maonyesho. Unaukata kwa wembe, unaukunja, unaugandisha kwa gundi ya moto. Bawa la kwetu lina mita moja kutoka ncha hadi ncha, na linakaa juu ya kiwiliwili, ncha zake zimeinuka kidogo ili ndege ikiinama upande mmoja ijirudishe yenyewe. Puani kuna mota na propela, tumboni kuna betri, na mkiani kuna vipande vinavyosukumwa na savo ndogo za gramu 9 kila moja. Tuliipima kwenye mizani ya jikoni: gramu 620.

Iliruka kama nusu dakika, ikashuka pua mbele, bawa likavunjika katikati. Hapo ndipo mpwa wangu akasema lile ambalo kila anayeanza husema: "Anko, si tuikaze?"

Ndege ni yake, kwa hiyo nilimwachia. Akaweka vijiti vya mishikaki kwenye bawa lote, mpaka nchani. Akaweka plaiwudi kwenye pua, selotepu yenye nyuzi kwenye tumbo na mkia, na gundi ya moto kila palipokuwa na kona. Watu wengi hawajui kwamba gundi ndiyo mzigo. Kijiti cha mshikaki ni kama gramu 2 tu, lakini kijiti kimoja kirefu cha gundi kinakaribia gramu 20, na ukiwa na wasiwasi unamaliza vitatu bila kuhisi. Ndege ya pili ilikuwa na gramu 870. Ukiigonga kwa kidole ilitoa mlio kama wa meza.

Sasa twende polepole hapa, kwa sababu hesabu ndiyo iliyonifanya niandike. Kila ndege ina kasi ya chini kabisa ambayo ikienda polepole kuliko hiyo, bawa linaacha kuibeba. Ukiongeza uzito, kasi hiyo inapanda. Uzito ukiwa maradufu, inapanda kwa karibu asilimia 41, yaani hata kutua inabidi utue ukiwa mbio zaidi. Na nguvu ya pigo inategemea uzito mara kasi mara kasi. Piga hesabu: uzito maradufu, pigo mara nne. Ndege ya mpwa wangu haikufika maradufu. Iliongezeka gramu 250 tu. Lakini gramu hizo peke yake zilitosha kufanya pigo lake chini, kwa kasi ile ya mwisho, kukaribia maradufu ya lile la kwanza.

Kwa maneno mengine, alichokiweka ili isiumie ikianguka ndicho kilichofanya kuanguka kuwe kubaya. Ilipoanguka tena, bawa halikuvunjika. Pua yote ilirudi ndani, ikapinda mhimili wa mota.

Rafiki yangu mmoja nilipomweleza haya aliniambia, "Hiyo ni ndege ya watu walio na pesa. Sisi huku hewa ni nyembamba, lazima mtu awe mgumu." Alisema kwa mfano tu, lakini aligusa jambo la kweli. Eldoret iko mita 2,100 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ina takriban asilimia 80 ya uzito wa hewa ya Mombasa. Ndege ileile, ikiletwa huku, lazima iende mbio zaidi kwa zaidi ya asilimia 10 ndipo ibebwe. Kwa hiyo ndiyo, huku ni kugumu. Lakini angalia hilo linamaanisha nini. Penye hewa nyembamba ndipo huna nafasi ya gramu ya ziada. Ndege nzito inaweza kusamehewa Mombasa, si huku. Maskini akiambiwa abebe ugumu zaidi kwa sababu maisha yake ni magumu, ameongezewa mzigo pale hasa ambapo hewa haiwezi kumbeba.

Sisemi ndege isikazwe. Isiyo na mhimili itakunjika mabawa juu kama kitabu kinachofungwa, na hapo hakuna cha kuokoa. Lazima ikazwe, ila kwa kujua wapi. Nguvu inayolipinda bawa ni kubwa zaidi katikati, pale linaposhikana na mwili, na inapungua kadiri unavyokwenda nje, mpaka nchani inakuwa sufuri. Kijiti kimoja imara kinachopita katikati kinafanya kazi kuliko kumi vilivyotawanywa. Vile vya nchani havisaidii kitu, vinaifanya ndege iwe nzito kugeuka tu. Mkia ndio mbaya zaidi. Uko mbali na kitovu cha uzito, kwa hiyo gramu moja ukiiongeza kule inakudai gramu mbili au tatu za risasi puani ili ndege isilale nyuma.

Kisha kuna sehemu ambazo hazikazwi kabisa, na kwa makusudi. Katika ndege nyingi za kujifunzia bawa halipigwi gundi kwenye mwili. Linafungwa kwa raba bendi zinazopishana juu yake, zikishikwa na vijiti viwili vinavyotokeza pembeni. Ncha ya bawa ikigonga chini, raba zinavutika, bawa linateleza au linachomoka, na unaliokota likiwa zima. Kwenye ndege kubwa kidogo hutumia skrubu za nailoni, nazo zimewekwa zikatike. Yaani mjenzi amekaa chini na akachagua: kitu kikiachia, kiachie hapa, mahali ninapoweza kurekebisha kwa dakika tano.

Kuna kisa maarufu kinachoonyesha jambo hili. Tangu 1959 kulikuwa na tuzo ya Kremer kwa atakayerusha ndege inayoendeshwa kwa miguu ya binadamu tu, ikizunguka njia ya umbo la nane. Miaka ikapita bila mshindi. Mwaka 1977, Mmarekani Paul MacCready akaishinda kwa ndege iliyoitwa Gossamer Condor, na mwendesha baiskeli Bryan Allen ndiye aliyeipiga pedali. Bawa lake lilikuwa na karibu mita 29, na ndege nzima ilikuwa na kilo 32 hivi, pungufu ya mfuko wa simiti. Ilikuwa mabomba membamba ya alumini, waya na plastiki ya kuona ng'ambo. Walipokuwa wakiijaribu ilianguka mara nyingi. Lakini ilikuwa rahisi kurekebishwa, kwa hiyo ilirudi hewani upesi, na kila kuanguka kuliwafundisha kitu.

Sasa nirudi kwa binadamu, na nianze na mimi.

Niliacha chuo mwaka wa tatu. Karo ilikwama, babangu akaugua, na ofisi iliyohusika ikanipa barua badala ya jibu. Karibu kila niliyemwambia aliniambia nijikaze. Hawakuwa watu wabaya. Wengine walilisema kwa machozi. Lakini ukilisikiliza neno lile vizuri, utagundua kwamba mtu akishalisema, kazi yake imeisha. Mzigo ulikuwa wangu na umebaki wangu, na sasa umeongezwa na jukumu la kutoonyesha kwamba ni mzito. Mama mmoja mwenye kibanda cha chakula karibu na geti hakuniambia nijikaze. Aliniambia, "Kuja ule, utalipa ukipata." Nilikula pale miezi miwili. Nililipa.

Nilipofikiria tofauti kati ya yule mama na wale wengine, nilielewa raba bendi kwa mara ya kwanza. Bawa linaruhusiwa kuchomoka kwa sababu kuna mtu atakayetembea mpaka kwenye nyasi, aliokote, alirudishe. Bila huyo mtu, raba bendi ni udhaifu tu. Kwa hiyo huwezi kumwambia mtu "si lazima ujikaze" kisha ukaenda zako. Udhaifu unahitaji mwokotaji. Na ukigeuza jambo hilo upande wa pili, linauma: mara nyingi tunamwambia mtu ajikaze kwa sababu hatuna mpango wa kwenda kumwokota.

Najua nitakachojibiwa. Kwanza, kwamba mtu si foamu. Mfupa ukibebeshwa mzigo huwa imara zaidi, na msuli vilevile. Nakubali, na ndiyo maana mfano wangu una mipaka. Lakini hata mfupa huimarika kwa mzigo wa kiasi na mapumziko, na uliovunjika hufungwa plasta. Hakuna daktari anayeuambia ujikaze.

Pili, kwamba wazazi wetu walijikaza na tuko hapa kwa sababu yao. Hili ni gumu zaidi kwangu. Mamangu alibeba mambo ambayo sitayaandika. Siwezi kusimama leo nikasema alikosea. Hakuwa na mwokotaji, kwa hiyo alikaza kila kona, na ndege yake iliruka. Ninachosema ni kwamba iliruka ikiwa nzito mno, na sisi tulioko ndani tulihisi kila kutua. Kumheshimu hakunilazimu kumkabidhi mpwa wangu uzito uleule. Naona kumheshimu ni kuhakikisha kwamba yeye alikuwa wa mwisho kuubeba hivyo.

Basi kipimo changu, kama msomaji anataka kipimo, ni hiki. Kaza kile ambacho kikivunjika angani hakuna kurudi: mtoto ajue kusema hapana, ajue kwamba mwili wake ni wake, ajue kusema ukweli hata ukimtia taabuni. Huo ndio mhimili wa katikati, na hapo sitaki mchezo. Kwengine kote, alama za mtihani, machozi, kutamani nyumbani, kushindwa kitu mbele ya watu, funga kwa raba bendi. Acha viachie vikigongwa. Halafu uwe karibu.

Ndege ya tatu tuliijenga pamoja. Ina kijiti kimoja kinene katikati ya bawa, raba bendi nne, na gramu 655. Imeanguka mara nyingi kuliko zile mbili. Bado iko.

Dadangu hakupenda maoni yangu mwanzoni. Alisema bweni si uwanja wa kuchezea, na wavulana wenzake wakimwona analia watammaliza. Tulibishana jioni mbili. Mwishowe alikubali jambo moja, na mimi naliona kubwa. Shuleni haruhusiwi simu, kwa hiyo mpwa wangu amekariri namba tatu: ya mamake, yangu na ya nyanyake. Akiomba simu ya mwalimu akapiga, yeyote kati yetu atakayeshika haruhusiwi kuanza na lile neno. Tutaanza na swali ambalo kila mrusha ndege huuliza ndege ikipotelea kwenye nyasi, kabla ya kuuliza ni nini kimevunjika na ni kosa la nani: uko wapi?