Mgeni Asiyevua Viatu

Msichana mdogo aliyeketi mbele yangu jahazini alikuwa na swali. Alimwuliza mamake kama pomboo hulala. Mama alipofungua kinywa ajibu, spika iliyofungwa chini ya mlingoti ikaanza kupiga muziki, jibu likapotea. Nilimwona akirudia mara mbili, kisha akakata tamaa, akamziba mwanawe masikio kwa viganja vyote viwili. Tukaenda hivyo mpaka hifadhi ya bahari ya Kisite.

Ilikuwa Januari. Kaskazi ilikuwa imetulia na bahari imelala, siku ambayo ukizima mashine unasikia maji yakipiga ubavu wa chombo. Nimezaliwa Msambweni, Pwani ya Kenya, na kisiwa cha Wasini nimekijua tangu utotoni kwa samaki wake na kwa watu wake waliokuja kuoa na kuolewa kwetu. Kwa matembezi sikuwa nimewahi kwenda. Tulichanga pesa mimi na jamaa zangu, tukalipia safari ya siku moja. Gari lilituchukua Ukunda alfajiri, tukapita Msambweni na Ramisi, tukakunja kushoto kuteremka Shimoni. Gatini tulikuwa zaidi ya watu 40 tukisubiri chombo kimoja. Tanga lilikuwa limekunjwa kwenye foromali, na siku nzima halikufunguliwa.

Pomboo tuliwaona, ikiwa kuona ni neno lake. Mtu mmoja alipaza sauti, na boti zote zilizokuwa karibu zikageuza omo upande ule. Nilihesabu boti saba. Walikuwa pomboo wanne, mmoja mchanga, akienda ubavuni mwa mamake kana kwamba amebandikwa hapo. Boti ya kwanza iliwakatia njia, ya pili ikawazunguka, nao wakazama. Walipoibuka walikuwa mbali, na mbio zikaanza upya. Baada ya dakika chache kiongozi wetu akatazama saa, akasema tumechelewa.

Neno hilo tulilisikia siku nzima. Tulichelewa kuingia majini, tukachelewa kutoka, tukachelewa mezani. Chakula kilikuwa kaa, wali wa nazi na mwani uliokaangwa, na kaa si chakula cha mtu mwenye haraka. Unapewa kibao na kipande cha mti. Unalaza gando, unaligonga mahali pake ili lipasuke bila kusagika, unachokoa nyama kwa kidole, unaifyonza chumvi ya bahari iliyobaki ndani. Dada aliyetuhudumia alimwonyesha mwenzangu namna ya kushika, polepole, kama anayemfundisha mtoto kuandika. Hawakufika gando la pili. Tuliitwa tuinuke, na magando mazima yakabaki sahanini.

Kijiji tulipewa nusu saa. Wasini ni mji wa Wavumba, watu wenye lahaja yao na historia yao ndefu, waliotawaliwa zamani na watu wenye cheo cha Diwani, tangu enzi za Vumba Kuu kule bara. Kisiwani lipo kaburi la mnara lililopambwa kwa vipande vya kaure ya Kichina. Vipande vile vilivuka Bahari ya Hindi kabla ya babu wa babu zetu kuzaliwa. Tulilipita kaburi hilo kwa mwendo wa watu wanaokimbilia basi. Bustani ya matumbawe tuliifikia maji yamekupwa. Kina mama wa Wasini wamejenga daraja la mbao linalopita katikati ya miamba ya kale na mikoko, na mapato yake ni yao na ya kijiji chao. Mmoja wao alituambia kwamba wakati wa bamvua bahari huingia mpaka chini ya mbao na mahali pote hubadilika. Mtu akamwuliza bamvua ni saa ngapi. Mama akatazama angani, akaanza kueleza habari za mwezi, na sisi tukaitwa.

Lakini lililoniuma lilitokea njiani kurudi gatini. Mzee mmoja alikuwa amekaa kwenye baraza ya nyumba yake. Tulipopita akasema, "Karibuni." Hakusema kama mchuuzi. Alisema kama anavyosema mtu mzima anapoona watu mbele ya mlango wake. Nilijibu "Ahsante, mzee" huku natembea. Sikusimama. Sikumwamkia. Mimi, mtoto wa Msambweni, niliyelelewa kwamba mtu akikukaribisha unasimama, unampa mkono, unauliza hali za nyumbani hata kama huingii. Nilifika gatini uso unaniwaka.

Nilimsimulia hayo mpwa wangu, ambaye alifanya kazi miaka kadhaa kwenye meli kubwa za kitalii, akisafisha vyumba. Vijana wa Pwani wengi sasa wanatafuta ajira hizo. Alinisikiliza, kisha akasema, "Mjomba, huko kwetu ni hivyohivyo, ila kwa watu elfu tatu." Akanieleza malalamiko aliyoyasikia kila wiki. Kabla jua halijachomoza watu wameshatandika taulo kwenye viti vya kando ya bwawa, kisha wamerudi kulala, na anayekuja saa tatu hana pa kukaa. Kuna foleni ya chakula, foleni ya lifti na foleni ya kushuka. Mtu hulipa safari yote akidhani amemaliza, halafu siku ya mwisho anapewa hesabu ya vinywaji, ya intaneti, na ya bakshishi iliyokatwa bila kuulizwa. Kuna vyumba vya ndani visivyo na dirisha, ambamo mtu hulala wiki nzima juu ya bahari bila kuiona. Mmoja akiharisha, ugonjwa huzunguka meli nzima. Lakini lalamiko kubwa kuliko yote, akasema, ni bandari. Abiria amevuka bahari ili aione Mombasa au Unguja, naye anapewa saa sita. Saa mbili zinaishia kwenye basi. Anarudi na picha ya mlango wa kuchongwa ambao hakuwahi kuubishia hodi.

Na anayezidisha saa hizo anaweza kuachwa. Machi 2024 meli iitwayo Norwegian Dawn iliwaacha abiria 8 kisiwani São Tomé kwa sababu walichelewa kurudi kutoka matembezini. Meli ilikuwa bado imetia nanga, wakiiona kwa macho, ila hawakuruhusiwa kupanda. Walihangaika nchi hadi nchi kwenye pwani ya magharibi ya Afrika mpaka wengi wao wakaipata Dakar. Waliosikia habari ile waligawanyika. Wengine waliilaumu kampuni, wengine wakasema sheria ni sheria. Mimi nilifikiria São Tomé. Watu wanane wamekaa kisiwani muda mrefu kuliko walivyopanga, na dunia nzima ikaliita jambo hilo balaa.

Nadhani hapo ndipo maudhi yote yanapotoka. Kelele, foleni na taulo ni matawi tu. Safari hizi zimepangwa kwa saa ya chombo, na mahali kama Wasini huishi kwa saa nyingine kabisa: maji kujaa na kupwa, kusi na kaskazi, adhana, chungu kuiva. Anayefuata saa ya chombo atafika kila siku maji yamekupwa na mama anaanza kueleza habari za mwezi. Ataona boti saba na mapezi manne. Na hatavua viatu mlangoni pa mtu yeyote, kwa kuwa hakuna dakika ya kuvivua.

Kuna anayesema mgeni amelipa, basi afanye atakavyo. Nami nakubali kwamba pesa ile ni riziki. Nahodha wa Shimoni ana watoto shuleni, na dada wa kaa ana mshahara. Tena watu wa huku wameilipia biashara hii kwa gharama wasiyoijua wageni wengi. Kisite ilitengwa kuwa hifadhi ya taifa ya bahari mwaka 1973, kilomita za mraba 28 ambazo sasa haziruhusiwi kuvuliwa. Uvuvi wa kienyeji umebakishwa kwenye eneo jirani la Mpunguti tu. Kabla ya hapo Kisite ilikuwa shamba lao la samaki. Waliambiwa waache kuvua, na walichopewa badala ya samaki ni wageni. Basi mgeni anayepita mbio anawapunja mara mbili: hawana samaki, na yeye pia hawampati.

Na meli inayojitenga na watu nayo hupungukiwa. Mwaka 2012, mwezi Februari, meli ya Costa Allegra ilishika moto chumba cha mitambo ikiwa njiani kutoka Madagaska kwenda Shelisheli. Hakuna aliyekufa, lakini umeme ulikatika wote. Watu zaidi ya 1,000 walikaa kwenye joto bila vyoo vya kufanya kazi, wakaburura magodoro kulala sitahani, mpaka chombo cha wavuvi wa Kifaransa kikawavuta hadi Mahé, wakafika siku ya tatu baada ya moto. Nimelifikiria tukio hilo mara nyingi kwa kuwa lilitokea katika bahari hii yetu. Meli imejengwa ili abiria asimhitaji mtu yeyote nje yake. Ina maji yake, taa zake, vyakula vyake, burudani yake. Icon of the Seas, iliyoanza safari Januari 2024, hubeba abiria hadi 7,600. Watu wote wa kisiwa cha Wasini wangeingia humo na nafasi ikabaki. Lakini mashine ikizimika, humo hamna jirani wa kuendea kuomba kijinga cha moto.

Aprili nilirudi Wasini peke yangu. Nilipanda boti ya abiria pale Shimoni, ile wanayopanda wenyeji, nikakaa kati ya gunia la unga na madumu ya maji, ubavuni mwa mama aliyebeba godoro la mtoto. Hapakuwa na spika. Nahodha alikuwa kijana, nikamwuliza kama pomboo hulala. Akacheka kwa furaha, kama mtu aliyeulizwa habari za ndugu zake. "Hulala nusu," akasema. Upande mmoja wa ubongo hupumzika na mwingine hukesha, ili akumbuke kupanda juu kuvuta pumzi. Ukiwaona wanakwenda taratibu pamoja, wamekaribiana, jua wamelala. Wakati huo boti zikiwaingilia, hata ile nusu huikosa. Yeye huzima mashine na kungoja mbali. "Wakipenda watakuja wenyewe," akasema, "na huja." Nilitamani yule msichana angekuwepo.

Mzee nilimkuta palepale barazani. Nikasema, "Shikamoo, mzee." Akasema, "Marahaba, mwanangu. Karibu." Safari hii nilivua viatu. Hakunikumbuka, na nilipomweleza kwa nini nimekuja, alinyamaza kidogo, akasema wanaopita ni wengi na yeye huwakaribisha wote, kwa sababu hajui yupi atasimama. Kisha akamwita mkewe alete maji.

Asiyekijua Wasini hawezi kujua uzito wa neno hilo. Kisiwa kile ni jiwe la matumbawe. Hakina mto wala chemchemi, na kwa vizazi watu wake wameishi kwa maji ya mvua waliyoyakinga birikani na yale waliyovusha kutoka bara kwa madumu. Mama yule alikuja na kata, akanimiminia mikononi polepole, akinikazania ninawe vizuri, wala hakupunguza. Ukavu wa Machi ulikuwa umetoka tu, na birika la uani, nilipolichungulia baadaye, lilionyesha sakafu.

Tulikaa mpaka alasiri, kisha magharibi. Mzee aliniambia babake alivua Kisite, akanitajia majina ya miamba ambayo sijayaona kwenye ramani yoyote. Alieleza bamvua kwa mikono miwili, mmoja mwezi, mwingine maji. Boti ya mwisho iliondoka tukiwa tunazungumza, na hakuna aliyeitazama. Nilitandikiwa mkeka na godoro chumba cha mbele. Alipokuwa akiniaga kulala alinikumbusha, akitabasamu, kwamba mgeni ni siku mbili, ya tatu hupewa jembe.

Sikufika ya tatu. Usiku wa manane mvua ilipiga bati ghafla, mvua ya kwanza ya masika, na nyumba nzima ikaamka. Nilisikia milango ya majirani ikifunguliwa, sauti za watoto, mabeseni yakigongana. Mfereji wa paa ulikuwa umeachia upande mmoja, na maji yakimwagika nje ya birika. Mzee alinipa ndoo bila kusema neno. Nikasimama pale uani, miguu mitupu, nimeikinga kwa mikono yote miwili, mpaka ikajaa, mama akaipokea, akanipa nyingine.